Mushipi Alikuwa Amesema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Bibiane alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kujaza maji kwenye pipa la jikoni, na kumtazama nyoka.

Usishtuke. Nyoka mwenyewe alikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, urefu wake haukufika mita moja, na hakuwa na sumu hata kidogo. Alikaa katika sanduku la mbao lenye kifuniko cha wavu, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yao huko Nyalukemba. Aliyemleta alikuwa Tonton Modeste, mdogo wake mama, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza nyoka katika kituo cha watafiti nje ya mji wa Bukavu. Siku aliyofika naye alivua mkanda wake wa suruali, uliokuwa umechakaa vibaya, akamlinganisha nao, akaona rangi ni ileile. Basi akamwita Mushipi, maana ndivyo watu wa kwetu wanavyouita mkanda.

Ilikuwa mwaka wa 1983. Bibiane alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Shuleni mwalimu alimwita Nabintu, kama serikali ya Zaire ilivyotaka majina yawe ya Kiafrika, lakini nyumbani aliitwa Bibiane. Baba yake alifanya kazi migodini huko Mwenga, akirudi kila mwisho wa mwezi. Wasichana wengine wa darasa lao walijigamba kwa viatu na kwa redio za baba zao. Yeye alijigamba kwamba anajua nyoka anasema nini, na hilo, kusema haki, lilikuwa kweli.

Tonton Modeste ndiye aliyemfundisha, wakiwa wamechuchumaa pamoja mbele ya sanduku.

“Angalia muzuri, Bibiane. Nyoka haina maneno, mais mwili yake yote inasema.” Mais ilikuwa “lakini” yake ya Kifaransa.

Ulimi ukitoka na kurudi polepole, nyoka ananusa tu, ametulia. Mwili ukilegea mkononi, hana neno. Akiikunja shingo kama ndoana, mtu arudi nyuma. Akitikisa ncha ya mkia juu ya magazeti makavu hadi yatoe sauti, ameudhika. Na akitoa pumzi kwa nguvu, fffff, hakutukani, anakuomba umwache. Lakini kubwa kuliko yote yalikuwa macho. Yakigeuka meupe kama maji yaliyotiwa maziwa, nyoka anakaribia kuvua ngozi, na siku hizo haoni vizuri. Kila mkono unaomjia humtia hofu.

“Nyoka haidanganyaka,” Tonton alipenda kusema. “Inasemaka kwanza, njo inauma. Siye batu njo tunaumaka bila kusema.”

Jumamosi moja Tonton Modeste alifunga safari ya kwenda Luvungi, kule uwanda wa Ruzizi, pamoja na watafiti wake. Angekaa huko siku tisa. Alimkabidhi Bibiane daftari jipya na kalamu.

“Kila siku uandike: macho, ulimi, mwili. Na hapana mutu mwingine kugusa Mushipi. Hata rafiki. Umesikia?”

“Nimesikia, Tonton.”

Jumapili aliandika. Jumatatu aliandika. Jumanne aliona yale macho yamebadilika, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa: “Macho meupe. Sikumgusa.” Jumatano akaandika vilevile. Kama hadithi ingeishia hapo, Bibiane angekuwa mtoto wa kusifiwa na mimi ningeweka kalamu chini.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, wasichana walimzunguka.

“Uongo! Ile nyoka yako ni ya karatasi,” mmoja alisema, na wengine wakacheka. “Kama iko, nani ameiona?”

“Mapendo ataiona leo,” Bibiane akajibu kwa hasira. “Na kesho atawaambia.”

Mapendo alikuwa rafiki yake wa benchi moja. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa vitenge katika soko la Kadutu, na alikuwa amemkataza mara nyingi asikanyage kile chumba cha nyuma. Lakini Mapendo hakujua kumkatalia Bibiane jambo lolote. Saa tisa alasiri walikuwa wote wawili wamepiga magoti mbele ya sanduku. Mama Adélaïde, mama yake Bibiane, alikuwa upande wa mbele anashona, cherehani yake ikisikika mpaka huko nyuma.

Bibiane aliinua kifuniko. Macho ya Mushipi yalikuwa meupe kuliko jana. Mara tu mwanga ulipomfikia aliikunja shingo, na mkia ukaanza kupiga magazeti, trrr, trrr.

“Juu ya nini inatikisa mukia?” Mapendo aliuliza.

“Iko nafurahi.”

“Na hii sauti, fffff?”

Bibiane aliijua vizuri ile sauti. Aliijua kama mtu anavyolijua jina lake. Lakini aliwaza kesho, aliwaza wale wasichana na vicheko vyao, akaona aibu kufunga sanduku mapema hivyo.

“Iko nakusalimia,” akasema. “Nyoosha mukono, nawe uisalimie.”

Mapendo akanyoosha mkono.

Kilichofuata kilikwisha haraka kuliko kukisimulia. Mushipi aliruka, akauma, akaachia, akajikunja tena pembeni. Nyuma ya mkono wa Mapendo palibaki safu ya vitone vidogo vyekundu. Bibiane alifunga kifuniko.

“Haina sumu, nakuapia,” alimwambia. “Ni kama kuchomwa na miiba. Usilie, Mapendo.”

“Mama ataona damu. Alinikataza kuingia hapa.”

“Tuseme ni nyoka ya mu majani. Tuseme tulikuwa inje tunacheza. Tukisema ni Mushipi, Tonton ataiondoa, na siye wote tutapigwa.”

Mapendo alifuta machozi kwa mkono ule mzima, akakubali, kwa sababu alikuwa rafiki. Wala mmoja wao hakuwaza watu wazima hufanya nini wakiambiwa kwamba mtoto ameumwa na nyoka wa majani.

Wakajua upesi. Mama Adélaïde alipiga yowe lililovuka nyumba nne. Majirani walifika. Mmoja alileta kamba, wakaufunga mkono juu ya kiwiko, wakakaza. Mwingine alikimbia kumwita Muzee Philémon, maana yeye ndiye aliyekuwa na jiwe jeusi. Katika Bukavu ya wakati ule karibu kila mtaa ulikuwa na mtu wa namna hiyo, mwenye kijiwe cheusi alichokifunga ndani ya kitambaa. Watu waliamini kwamba ngozi ikichanjwa kwa wembe na kijiwe kikabandikwa juu ya damu, kitanyonya sumu yote.

Muzee Philémon hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kufungua wembe aliuliza swali lililofaa kuulizwa.

“Batoto, ilikuwa nyoka ya namna gani? Ya kijani? Munene? Fupi?”

Wote walimgeukia Bibiane. Mapendo pia alimtazama. Lilikuwa jambo la maneno mawili tu, “ni Mushipi,” na wembe ungerudi mfukoni.

“Sikuiona muzuri, Muzee,” Bibiane alisema. “Ilipita mu majani.”

Muzee Philémon akachanja mara mbili. Mapendo alilia sana, lakini hata alipolia hakusema neno la Mushipi. Alimtazama Bibiane tu. Bibiane alisimama palepale huku machozi yakimtoka, na majirani wakamsifu kwamba ana huruma kwa mwenzake. Sifa hiyo ilimuuma vibaya.

Jioni ile alifungua daftari, akaandika “Alhamisi,” na hakuweza kuandika neno la pili. Ijumaa hakulifungua kabisa.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa ambayo kila raia alitakiwa kuifanya. Mkuu wa mtaa alitangaza kwamba safari hii hawatazibua mitaro. Watafyeka majani yote nyuma ya nyumba za barabara ile mpaka nyoka apatikane. Wanaume walifyeka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Walipata vyura wanne, kiatu kimoja cha mtoto na sufuria iliyotoboka. Nyoka hawakumpata, na wangempataje, naye amelala ndani ya sanduku lake hatua kumi kutoka walipokuwa?

Bibiane alitumwa kuwapelekea maji ya kunywa. Papa Isidore, mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa mgongo, alikuwa ameinama na upanga kama wengine, akisimama kila mara kujishika kiuno. Alipokea kikombe akatabasamu.

“Ni juu yenu batoto tunafanya hii,” alisema. “Mulale muzuri, bila woga.”

Bibiane alirudi nyumbani na ndoo, akaingia jikoni, akajifungia. Mama yake alidhani analia kwa ajili ya Mapendo, na kwa upande mmoja hakukosea.

Maana mkono wa Mapendo ulikuwa umeharibika. Ile kamba walikuwa wameiacha imekazwa hadi asubuhi ya Ijumaa, na chale za wembe zilikuwa zimetunga usaha. Jumapili mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na homa ikampanda. Bibiane alipita nje ya nyumba yao mara tatu. Mara ya tatu alimsikia Mama Mapendo akiomba Mungu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alishika mlango ili abishe hodi, kisha akauachia. Alijiambia kwamba atasema kesho. Chakula cha usiku alikisukuma kando, ingawa kilikuwa bugali na samaki, navyo alivipenda kuliko vyote.

Jumatatu saa sita mchana Tonton Modeste alirudi kutoka Luvungi, na mfuko wa mchele begani. Mama Adélaïde alimweleza habari za Mapendo: nyoka wa majani, jiwe jeusi, na jinsi mtoto alivyopelekwa kwenye zahanati asubuhi ile. Tonton alisikiliza akikunja uso. Kisha akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, na Bibiane akamfuata kwa mbali.

Ndani ya sanduku Mushipi alikuwa anang'aa, macho yake meusi safi. Kando yake ililala ngozi yake ya zamani, nzima toka kichwa hadi mkia. Tonton aliiinua, akaitazama, akafungua daftari.

“Siku ya pili, macho meupe. Siku ya tatu, macho meupe. Siku ya ine, hakuna kintu. Siku ya tano, hakuna kintu.” Kama watu wa kwetu, siku alizihesabu tangu Jumatatu, ya pili ikiwa Jumanne. Aligeuza ukurasa. “Mapendo aliumwa siku gani?”

“Siku ya ine,” Bibiane alijibu. Alhamisi.

Tonton aliweka daftari chini. Alichuchumaa, akamtazama Bibiane vilevile alivyozoea kumtazama mnyama aliyemleta kutoka porini.

“Nimefika, haukukimbia kunisalimia. Mikono yako iko ku mugongo. Shingo umeivuta. Mama yako anasema jana usiku haukule. Mwili yako iko nasema kintu, Bibiane, mais kinywa inakataa. Nifunge mulango niende zangu, ao nisikilize?”

Hapo Bibiane hakuweza kujizuia tena. Alisema yote, bila mpangilio, huku akilia: mkia, sauti, “iko nakusalimia,” wembe, mgongo wa Papa Isidore. Alingoja kofi. Halikuja. Tonton alikuwa amekwisha kusimama.

“Munganga wa zahanati anajua hii?”

“Hapana.”

“Twende. Mbio.”

Zahanati haikuwa mbali, lakini njia ilikuwa ya kupanda, na Bibiane alifika akihema. Mapendo alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, macho nusu wazi. Mama yake alikaa karibu naye, na ilikuwa siku ya pili hajafungua biashara yake Kadutu. Muuguzi, Maman Agnès, alikuwa anaandika barua.

“Ninamupeleka ku hospitali kubwa,” alimweleza Mama Mapendo. “Siwezi kujua kama huu uvimbe ni sumu ya nyoka ao kintu ingine. Kule watamupa dawa ya kuzuia sumu. Mais ni dawa kali, mama. Inaweza kumuokoa, na inaweza kumuumiza kama hakuwa na sumu mu mwili. Kama tungejua tu ilikuwa nyoka gani.”

Tonton Modeste angeweza kusema. Alijua majina ya nyoka wote wa Kivu. Badala yake aliweka mkono begani kwa Bibiane.

“Sema weye. Ni neno yako.”

Chumba kilikuwa na watu sita au saba, wote wakimtazama. Bibiane aliona uso wa Mama Mapendo, akatamani sakafu ipasuke.

“Ni Mushipi alimuuma,” alisema. “Nyoka ya Tonton. Haina sumu. Mimi njo nilimuambia aweke mukono. Nilijua Mushipi iko nakasirika. Nilijua, na nikasema inasalimia. Kisha nikasema ni nyoka ya mu majani.”

“Ni kweli, munganga,” Tonton akaongeza. “Nyoka ile ninaitunza mwenyewe. Haina sumu.”

Mama Mapendo alisimama. Aliinua mkono, na Bibiane hakujikinga. Lakini mkono ulishuka polepole ukarudi kwenye kitenge chake.

“Nilikuwa nakupa chai ku nyumba yangu,” alisema. “Ulikuwa natazama mutoto wangu anakatwa na wembe, na unanyamaza?”

Bibiane aliitikia kwa kichwa. Mpaka leo, akiwa mtu mzima, analisikia swali lile.

Maman Agnès alichana ile barua. Aliikagua tena chale za wembe na alama ya kamba, akatikisa kichwa, akaenda kuchemsha maji na kuandaa sindano.

“Basi hii haikuwa nyoka,” alisema akifanya kazi. “Hii ni wembe na kamba. Kwa meno ya nyoka ya namna ile tunaosha na maji na sabuni, tunaweka dawa, na mutoto anarudi nyumbani. Na hata kama ingekuwa nyoka ya sumu, hapana kukata, hapana kufunga kamba, hapana jiwe. Mutoto atulie, asitembeshe mukono, na mumulete hapa mbio.”

Alimtibu Mapendo kwa penisilini siku kumi. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano uvimbe ulianza kupungua, ingawa kidole cha kati kilibaki kigumu kwa majuma mengi, na zile alama mbili za wembe hazikufutika.

Tonton hakumpiga Bibiane, lakini hakumwachia hivihivi. Alimpeleka kwa Muzee Philémon, kwa mkuu wa mtaa na kwa Papa Isidore, na kila mahali Bibiane alirudia maneno yaleyale kwa kinywa chake mwenyewe. Muzee Philémon alisema kwamba hatachanja mtoto mwingine. Papa Isidore alicheka kidogo akijishika kiuno, na Bibiane akaenda kumtekea maji kila asubuhi hadi mwisho wa muhula, bila kuambiwa na mtu. Shuleni pia alisema. Wasichana wale hawakucheka.

Mama Mapendo alichukua mwezi mzima kabla ya kumruhusu binti yake aje tena. Siku hiyo Tonton Modeste alikuwepo, naye alifungua sanduku mwenyewe. Mushipi alikuwa ametulia, ulimi ukitoka na kurudi polepole, mwili umelegea.

“Leo inasema nini?” Mapendo aliuliza.

Bibiane aliangalia macho, shingo, mkia, kwa makini kuliko siku zote. Nyoka hakuwa na neno. Kisha aligeuka akamwangalia Mapendo. Alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake wenye makovu ulikuwa umeingia nyuma ya mgongo, na pumzi yake ilikuwa fupi.

“Mushipi iko sawa,” Bibiane alisema. “Mais weye unaogopa. Tufunge.”

Akafunga kifuniko. Mapendo alishusha pumzi, na mkono ukarudi mbele.

Tonton Modeste alimpa Bibiane lile daftari.

“Wanangu,” aliwaambia wote wawili, “kuelewa nyoka si kazi ngumu, hata mutoto anaweza. Kazi ni kusema kile umeona, vile umeona, wakati bado inaweza kusaidia. Bibiane alielewa Mushipi siku ile kuliko mutu yeyote. Na kuelewa kwake hakukumusaidia Mapendo hata kidogo, sababu alidanganya. Mukikosa, museme siku ileile. Uongo wa siku moja ulitaka kula mukono wa mutoto.”

Bibiane alifungua ukurasa ule uliokuwa na neno moja tu. Kisha akaandika, Mapendo akisoma juu ya bega lake:

“Alhamisi. Macho meupe. Alikunja shingo. Alitikisa mkia. Alitoa sauti. Nilimwelewa.”